Nilichagua mji kwa video ya sekunde 40

Ile video nilitumiwa na ami yangu kwa WhatsApp, sekunde 40 tu, ukungu umeshuka mpaka barabarani, ngamia wanapita polepole kwa mvua ya rasharasha, kando kuna kibanda cha madafu na mikungu ya ndizi imetundikwa kwa kamba, na anayerekodi anasikika akicheka, ati subhanallah jameni hii ni Omani, hii si Ulaya. Mimi nimekaa barazani kwetu Kisauni, Mombasa, stima zimepotea tangu asubuhi, joto la mwezi wa tatu lile la mpaka ukuta unatoa jasho, na kwa simu hiyo hiyo nina barua pepe ya shule yaniuliza, tunataka mwalimu wa hesabu na fizikia, tuna matawi matatu, Maskati, Nizwa na Salalah, tupe chaguo lako ndani ya siku tatu.

Mwalimu wa hesabu mzima. Sikupiga hesabu hata moja. Nikaandika Salalah.

Sa hii niko mwaka wa nne huku na kila mwezi lazima nipate mwalimu mmoja ama wawili kutoka Pwani waniulize swali lile lile, teacher wameniita, nichague mji gani, na mimi kila mara naanza kurekodi voisi ya dakika saba alafu naifuta manake haiishi. Basi wacha niiandike hapa mara moja nikimaliza nitakuwa natuma linki tu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu kwa nini mtu anaondoka. Nilikuwa mwalimu wa BOM, yani wa kuajiriwa na bodi ya shule, miaka minne, nangoja kuajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, na kama ushawahi kuwa mwalimu wa BOM hauna haja nikueleze, na kama hujawahi basi jua tu mshahara unalipwa na wazazi, wazazi wakilipa karo umelipwa, wasipolipa unaambiwa mwalimu vumilia. Omani rial moja ni dola 2.6, imefungwa hapo kwa dola miaka na miaka haipandi haishuki, kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 300 kwa rial moja, na mshahara haukatwi kodi. Nilipopata peislipu yangu ya kwanza niliigeuza nyuma nione makato yameandikwa upande gani. Sijui hausi levi sijui nini, hakuna. Nilikaa na ile karatasi kama mtu aliyepewa chenji kubwa kimakosa.

Alafu kuna hili la kuulizwa. Mwanamke wa Kikenya akisema anaenda nchi za Ghuba kila mtu anamaliza sentensi kwa kichwa chake. Jirani yetu alikuja kuniombea dua akaniambia mwanangu ukifika ikiwa mwenye nyumba ni mkali usimjibu. Nikamwambia mama mimi naenda kufundisha fizikia. Akasema ndiyo, najua, lakini usimjibu. Kwa uwanja wa ndege pia nikaulizwa ejenti wangu nani. Sina ubaya na dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani, wengi wamejenga kwao na wengi wamepitia makubwa, nataka tu ujue kwamba vyeti vyako vyote viwe kwa mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakiwa, digrii iliyopigwa mihuri ya wizara ya nje na ya ubalozi, cheti cha tabia njema, barua ya shule, manake utaitoa mara tatu kabla hujaketi kwenye kiti cha ndege.

Sasa mji.

Mamangu alitaka Maskati. Hoja yake ilikuwa moja, kuna watu wetu. Na ni kweli, yani si maneno ya kina mama tu, baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 watu wengi wenye asili ya Omani walitawanyika, na Sultani Qaboos alipoingia 1970 akawaita warudi kujenga nchi, wakarudi na Kiswahili chao, na elimu zao, na mapishi yao, ndo maana mpaka leo Maskati unaweza ukawa kwa foleni ya benki ukasikia mtu nyuma yako anamgombeza mtoto kwa Kiswahili kisafi kuliko chako. Mamangu akasema, "Nenda Maskati mwanangu, ukiumwa na kichwa utapata wa kukupikia uji."

Na hiyo ndo sababu nikaikataa Maskati. Nilikuwa na miaka 29, nimelala chumba kimoja na wadogo zangu wawili maisha yangu yote, na "watu wetu" kwa lugha ya mamangu maana yake ni kamera. Ukinunua chipsi saa tatu usiku Maskati, saa nne Kisauni wanajua uliweka pilipili ngapi.

Nizwa niliitafuta kwa ramani, nikaona imezungukwa na milima, bahari iko mbali huko, nikafunga ramani. Hivyo tu. Mtu wa Mombasa umwambie akae mahali hakuna bahari ni kama umwambie akae nyumba haina dirisha. (Nitarudi kwa Nizwa, niliikosea heshima.)

Salalah nilifika wiki ya mwisho ya mwezi wa nane. Na video ilikuwa kweli! Hakuna kilichoongezwa. Ukungu, rasharasha, majani mpaka juu ya milima, minazi, mipapai, migomba, watu wametoka Saudia na Imarati na familia zao wamejaa kwenye nyasi na mikeka na birika, na kubaridi hivi, eisi haina kazi. Nilimpigia mamangu video koli nikamwonyesha mnazi kupitia dirishani akasema, "Si uko Mtwapa weye, umetudanganya." Tukacheka.

Na kuna kitu nilijifunza hapo ambacho mpaka leo nakipenda. Ule msimu wao wanauita khareef, na ule upepo unaouleta ni kusi. Kusi letu. Ule ule upepo unaochafua bahari yetu mwezi wa sita na wa saba mpaka wavuvi wanashinda barazani wakicheza bao, unavuka ikweta, unapinda, unakata bahari mpaka pwani ya Dhofar, mkoa wa Salalah, na pale pwani maji ya baridi yanakuwa yamepanda kutoka chini, upepo ukipita juu yake unapoa, unageuka ukungu, alafu unagonga milima hauwezi kuruka. Ndo maana upande huu wa mlima ni kijani na upande wa pili ukiteremka tu ni jangwa tupu mpaka basi. Nilikifundisha hicho kwa darasa la tisa wakaniangalia kama mtu anayewaelezea nyumba yao wenyewe, wao wanajua tu kwamba ni khareef. Lakini mimi nilikuwa nimesimama Salalah napigwa na upepo uliopita kwetu, na nikaona basi, hii ilikuwa imeandikwa, huu ndo mji wangu.

Khareef inaanza kama tarehe 21 mwezi wa sita, inaisha kama tarehe 21 mwezi wa tisa.

Sasa wewe mwalimu soma hiyo sentensi tena polepole. Shule zinafungwa mwezi wa sita. Zinafunguliwa mwisho wa mwezi wa nane ama mwanzo wa mwezi wa tisa. Tiketi ya kwenda nyumbani kwa mwaka ni moja na ni ya likizo hiyo. Yani ule mji niliouchagua, ule wa kwenye video, upo miezi mitatu kwa mwaka, na kwa hiyo mitatu mimi niko Kisauni napigwa na kusi upande wa huku. Nilikuwa naambulia wiki tatu za mwisho. Mwalimu wa hesabu!

Mwezi wa kumi milima ilishageuka rangi ya gunia. Wageni wamekwenda, bei za fleti zimeshuka, vile vibanda vya kuchoma nyama vingi vimefungwa, na mji ukabaki mji, mdogo, mtulivu, watu wake wapole sana lakini kila mtu ana kwao na jamaa zake. Wenyeji wa milimani wana lugha yao kabisa si Kiarabu, Kiarabu changu cha madrasa nilichojivunia nikakikunja nikakirudisha mfukoni.

Na madafu. Wacha niwaambie kuhusu madafu.

Kuna ile barabara ina vibanda vya madafu na ndizi vimejipanga, ukipiga picha ukimtumia mtu akaambiwa ni Kongowea njia ya Nyali ataamini. Siku ya Ijumaa ya kwanza ambayo sikuwa na shughuli, mwenzangu mmoja wa kazini alikuwa na gari akanipitisha. Mimi nikafungua mlango nishuke. Akaniambia unaenda wapi. Nikamwambia kununua dafu. Akacheka, akapiga honi mara moja, kijana wa Kibangladeshi akaja mbio mpaka dirishani, rial nusu, akarudi na madafu mawili yametobolewa na mirija imeshatiwa, tukapandisha kioo, eisi, tukanywa. Nikaangalia kulia kushoto, kila gari hivyo hivyo. Watu wanakunywa madafu ndani ya magari, vioo juu.

Dafu lilikuwa tamu, sikatai. Nikamwomba yule kijana anipasulie nile nyama yake, akapasua vizuri tu, lakini hakunichongea kile kipande cha ganda cha kukwangulia, akanipa kijiko cha plastiki. Nikala. Na nikiwa nakwangua pale kwenye kiti cha gari nikaanza kufikiria Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa, jioni, umekaa kwenye ukuta, meli inapita karibu hivi mpaka unasoma jina lake, muuza dafu amekukasirikia manake umemwambia lile jingine halikuwa na maji, kando yako kuna watu hata huwajui wanagombania mihogo yenye pilipili na ndimu na mmoja anakuambia shikilia mtoto kidogo. Dafu ni lile lile wallahi. Mnazi ni ule ule. Lakini hakuna ukuta wa kukalia.

Mahali pakifanana na kwenu panakuuma zaidi. Hakuna aliyeniambia hilo na nisingemwamini. Ningekuwa jangwani ningejua niko ugenini, ningetafuta namna ya kuishi ugenini. Salalah kila nikitoka nje jicho linaona nyumbani na mwili unangoja yaliyobaki, adhana ya msikiti wetu, harufu ya mahamri, makanga wa matatu anayeita Bamburi Bamburi, na hayaji. Kila siku nangoja hayaji. Miezi mingine nilikuwa natoka shule saa nane mchana, nafika kwenye fleti yangu pale Saada, navua baibui, nalala mpaka magharibi, naamka, napika indomi, nasahihisha, nalala. Pesa ilikuwa inakaa kwa akaunti vizuri sana, ukweli usemwe. Mtu asiyekwenda popote hatumii.

Sitaki mtu aje aseme nimeuponda mji wa watu. Mwenzangu mmoja kutoka Kerala, ana mke na watoto wawili, yuko pale mwaka wa kumi na kitu na hata umpe mshahara mara mbili Maskati haendi. Watoto wanacheza nje, foleni hakuna, kodi ya nyumba nafuu, na kwao pia ni minazi lakini yeye amekuja na kwao ndani ya nyumba. Mimi nilikuja na begi.

Na tukiwa kwa hayo, Nizwa. Mwalimu mwenzetu wa Kilifi alipelekwa Nizwa, hakuchagua, alipelekwa tu, alilalamika kwa grupu la walimu mpaka tukawa tunamzima sauti. Joto kavu linapasua midomo, kila kitu kinafungwa mapema, mwanzo alikuwa anasema mji mzima ni ngome na tende. Miezi sita baadaye ndo yeye anatutumia picha za mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi, wale mbuzi wanazungushwa kwenye duara wanunuzi wamekaa ndani na nje, na yeye amekaa katikati na wazee wanamwita ustadhi. Ni saa na nusu hivi kwa gari mpaka Maskati, akitaka bahari anaenda, anarudi. Nyumba yake kule Kilifi imefika kwenye linta. Mji ambao mimi niliufunga kwa ramani kwa sekunde tano.

Kontrakti yangu ilikuwa ya miaka miwili. Hapa kuna jambo la sheria ambalo lilinisaidia na ni muhimu ulijue kabla hujasaini chochote: zamani ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine ndani ya Omani lazima yule wa kwanza akupe barua ya kukuruhusu, asipokupa unaondoka nchini na huwezi kurudi haraka, na wako waliokaliwa na hiyo barua mpaka wakachoka. Iliondolewa kuanzia mwezi wa kwanza 2021. Ukimaliza kontrakti yako unaweza kuhamia kwingine. Kwa hivyo ukichagua mji vibaya umejifunga kwa urefu wa kontrakti, si milele, ndo maana mtu akiniuliza mwaka mmoja ama miwili mimi namwambia omba mmoja, hata kama wa miwili una bonasi.

Nikapata shule nyingine Maskati. Mamangu alifurahi kimya kimya, unajua ile furaha ya mzazi anayekataa kusema nilikuambia.

Na Maskati nikakosea tena, lakini kidogo. Kumbe ukisema Maskati hujasema kitu. Ule mji ni mrefu, umebanwa katikati ya mlima na bahari ukajinyoosha kama utumbo, kutoka Muttrah mpaka Seeb ni zaidi ya kilomita 40, ni mbali kuliko feri ya Likoni mpaka Ukunda. Mtu akikuambia tutakupa nyumba Maskati muulize Maskati gani. Mimi nilipewa Mawaleh, fleti kubwa mpya, vyumba viwili vya kulala na mimi ni mmoja, jikoni kunang'aa, nikapiga picha nikatuma nyumbani. Duka nilikuwa naliona kwa dirisha, mataa yake yanawaka, ng'ambo ya barabara. Ile barabara ndo shida. Leni sijui ngapi kila upande, magari yanapita kilomita 100 na kitu kwa saa, hakuna pa kuvuka. Kununua mkate ilikuwa niite teksi inizungushe mpaka kwa mzunguko wa mbele inilete ng'ambo, nikinunua mkate nirudi hivyo hivyo. Mkate wa baisa mia na kitu (baisa elfu ndo rial moja) naufuata kwa nauli ya rial mbili. Na usiseme tembea, mwezi wa tano saa nane mchana ni digrii 40 na zaidi, na unyevu wa bahari juu yake, miwani ikitoka kwenye eisi inaingia ukungu huoni.

Nilikaa wiki tano nikawaambia shule nipeni posho ya nyumba nijitafutie. Nikaenda Ruwi.

Watu wa shule walinishangaa. Ruwi ni mtaa wa zamani, wa Wahindi na Wapakistani na Wabangladeshi, majengo yamezeeka, vitambaa, mafundi saa, hela zinatumwa kila kona, na Ijumaa jioni barabara zinajaa wanaume watupu wamepumzika kutoka kazini, maelfu, wamesimama tu wakiongea na simu za kwao. Dada kama hujazoea itakutisha wiki za kwanza, mimi sitakuficha, na hakuna aliyenigusa wala kunisema lakini macho ni macho. Chumba changu ni kidogo kuliko jiko la Mawaleh. Lifti inasimama inapotaka. Lakini steshini ya basi iko hapo, yale mabasi mekundu ya Mwasalat, natembea dakika nane. Chai ya karak baisa mia, naikunywa nimesimama nje, na mwenye hoteli wa Kimalayali baada ya wiki mbili alishajua mimi ni ya sukari kidogo akawa ananiita "ticha Kenya." Fundi wa chini ananitilia zipu bure. Kuna mama wa Kipakistani wa orofa ya tatu tuligombana naye kuhusu maji ya kuosha ngazi, ugomvi wa haki, wa kupayuka, na nikarudi chumbani nimechangamka ajabu, nikakaa nikajiuliza kwani nina nini, nikagundua ni miaka miwili sijagombana na jirani!

Ruwi haifanani na Mombasa hata chembe. Mlima wa mawe meusi umekusimamia kichwani kama mgomvi, mti wa maana hakuna. Wala sikutafuta mnazi. Ndo nikaona kumbe nilichokuwa nakitaka Salalah haikuwa minazi, ni saa kumi na moja jioni kuwe na mahali pa kwenda kwa miguu na mtu wa kunitambua nikifika. Mimi sa hivi mtu akiniuliza mji namuuliza kwanza, wewe ukitoka kazini saa nane unafanyaga nini? Si unapenda kufanya nini, unafanyaga nini kweli. Kama ni kulala na kuangalia muvi basi chagua yoyote iliyo na intaneti nzuri na mshahara mkubwa, tena uende Salalah uweke akiba. Kama wewe ni mtu wa baraza tafuta mahali pana baraza, hata kama ni pabaya.

Muttrah ni karibu, kama kilomita tatu, jioni nateremka mpaka baharini. Soko la samaki liko hapo. Siku moja nimesimama mbele ya papa mkavu niko na mamangu kwa simu, ananieleza namna ya kumroweka, spika iko juu manake kuna kelele, na mimi namjibu mama huyu ni mgumu huyu, mara nasikia nyuma yangu, "Weye, huyo si wa kuroweka usiku kucha, atavunjika. Maji moto mara mbili mwaga." Nikageuka. Bibi wa makamo ya nyanya yangu, lesso ya Kiomani kichwani, amevaa pete kila kidole. Kiswahili cha Unguja, kile cha kuimba. Akanyoosha mkono akachukua simu yangu, simu yangu!, akaongea na mamangu dakika kumi kuhusu papa na tui na ukwaju, mimi nimesimama tu nimeshika mfuko. Alizaliwa Unguja, akaondoka msichana. Akaniuliza mimi wa Mombasa wapi, nikamwambia Kisauni, akasema ana jamaa zake Kibokoni, akataja na mtaa.

Wiki mbili baadaye mamangu ananiambia hivi, polepole kama hataki, "Nasikia unakwenda sokoni na ndara za chooni."

Kamera. Zilikuwepo kweli! Lakini sikukasirika nilivyodhani nitakasirika, nikanunua viatu.

Sasa mwezi uliopita shule imetuita ofisini, wanafungua tawi Sur, wanataka watu wa hesabu, mshahara unaongezwa kidogo na nyumba juu yao. Sur ni mji wa majahazi, mpaka leo kuna karakana wanaunda kwa mbao. Nikamwambia ami yangu, na hapo nilikosea, manake ami utoto wake wote aliumalizia Bandari ya Kale na majahazi ya Wasuri anayakumbuka yakija na kaskazi yamebeba tende na samaki wakavu, yakirudi na kusi yamebeba boriti. Nusu saa anaeleza. Akasema Sur ni kwetu kule, nenda, usifikirie mara mbili.

Nimewaambia shule nitawajibu nikishaenda mwenyewe kulala siku mbili. Kutoka hapa ni kilomita 200 hivi. Na nitaenda mwanzo wa mwezi wa sita, si Disemba, nataka kuuona mji saa nane mchana ukiwa umekasirika, nitembee kutoka hiyo nyumba mpaka duka la karibu na saa mkononi, alafu magharibi nikae nje nione nani anapita.

Jana usiku ami akatuma video. Majahazi, machweo, watu wamejaa kando ya maji, watoto wanaogelea, na sauti ya mtu anasema mashallah. Dakika nzima safari hii. Nikaiangalia mara mbili alafu nikamwandikia, ami, hii imerekodiwa mwezi gani?

Tiki za buluu ziko hapo. Hajajibu.